Uzi: Nimetengeneza gemu la kuvua dagaa nikiwa hapa Mwanza. Mnaotaka kuingia kwenye hii fani someni kabla hamjakopa laptopu

FundiMakoroboi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliahidi tangu mwaka jana nikawa napiga chenga, sasa inboksi imejaa na wote wanauliza kitu kilekile, "kaka nataka kutengeneza gemu kama GTA nianzie wapi". Najibu hapa mara moja tumalizane. Mi sio mtaalamu wa kutisha, ni fundi simu nimejifunza usiku baada ya kufunga meza, ila gemu nimelimaliza, lipo kwenye simu za watu, na saivi sehemu ya ugali wangu inatoka huku.

Tuanze na hiyo GTA. GTA V, lile gemu la mji mzima unaendesha magari na kupora, ilitoka 2013 na watu zaidi ya elfu moja waliishika ile kazi kwa miaka. We uko peke yako Mabatini na laptopu ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Hesabu mwenyewe. Mi nilipoteza miezi minane kwenye "GTA Mwanza", nilikuwa na daladala moja isiyopinda kona na jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani hapa Mwanza, ambalo ukiligusa unazama chini ya ardhi. Nikaifuta siku moja kwa hasira, sijawahi kuijutia.

Kilichoniokoa ni kukubali kutengeneza kitu kidogo cha kijinga. Mpira unadunda. Wiki ijayo mpira unadunda na una maksi. Wiki ijayo una sauti na kitufe cha kuanza upya. Yule Mvietnamu wa Flappy Bird, Dong Nguyen, alitoa ndege mmoja na mabomba ya kijani 2013, kidole kimoja tu, dunia nzima ikachanganyikiwa mpaka mwenyewe akaliondoa Februari 2014. Sisemi utapata bahati ile, nasema gemu zima lilikuwa ndege na mabomba basi.

Injini sasa, yani programu unayojengea gemu, maana hapa ndo watu wanagombana kama Simba na Yanga. Zipo kubwa tatu utakazosikia. Unreal ni ya picha kali, inataka mashine kali, na bei yake ni asilimia 5 ya mapato ukishavuka dola milioni 1, kwa hiyo hiyo asilimia isikunyime usingizi, kinachokunyima usingizi ni GB za kushusha. Unity unaandika kwa C#, ni lugha ya kuandikia programu, masomo yake yamejaa YouTube, kazi nyingi za simu zinaitaka. Godot ni ya bure kabisa, ilianzia Argentina, ikafunguliwa kwa kila mtu 2014, haifiki MB 200, unafungua tu faili inawaka. Mi nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye ramu GB 4, nadhani mnajua nilichagua ipi. Ila angalizo, siku ya kulitoa gemu liende kwenye Android kuna mafaili ya ziada mazito unashusha, hapo ndo utunze bando la usiku, mi lilikatika likiwa limebaki kidogo tu nikakaa naangalia ukuta.

Na mnaokumbuka Septemba 2023, Unity walitangaza watatoza hela kila mtu akiingiza gemu lako kwenye kifaa chake. Watu walichachamaa kweli, wengi wakahamia Godot, mwaka mmoja baadaye Unity wakaifuta ile tozo. Nilichojifunza mi ni kwamba usifunge ndoa na injini, jifunze kufikiri, hizo nyingine unahama.

Kodi (sio ile ya TRA, ni maagizo unayoiandikia kompyuta) nilijifunza kwa kulia. Niwape kilio kimoja. Mtumbwi wangu nilikuwa nimeuandikia usogee pikseli 4 (vile vinukta vya kioo) kila fremu, yani kila picha moja simu inapochora upya. Kwenye laptopu fremu ni 60 kwa sekunde, mtumbwi unakata maji pikseli 240 kwa sekunde, raha. Nikaweka kwenye simu ya dogo mmoja pale mezani, itel imechoka, inatoa fremu 20 kwa sekunde, mtumbwi ukawa unatembea pikseli 80, kama umefungwa na magugu maji! Dogo akaniangalia, akasema "bro mtumbwi wako una malaria". Dawa yake ni kuandika mwendo kwa sekunde sio kwa fremu, unachukua 240 unazidisha na delta, yani muda uliopita tangu fremu ya mwisho. Simu yenye kasi delta ni ndogo, simu iliyochoka delta ni kubwa, mwisho wa siku mitumbwi yote inafika pamoja. Mstari mmoja tu huo, mi ulinila siku nne.

Nimechoka kutaipu, narudi na sehemu ya mvuvi aliyeniaibisha, hiyo ndo yenyewe.

Ngosha26

Naweka kiti hapa mbele kabisa

MzeeWaIgoma

Kijana leta picha ya hilo gemu, isije ikawa chai.

BintiNyegezi

Mi niko chuo, kodi siipendi hata kidogo ila nachora. Huku kuna nafasi yangu au ndo ya wanaume wa hesabu tu?

FundiMakoroboi

Nimerudi. Dada Nyegezi tena we ndo una nafasi kuliko mimi, nakujibu chini kidogo.

Sasa mvuvi. Gemu langu lilikuwa hivi, una mtumbwi, una taa, unaingia ziwani usiku, unawasha taa, dagaa wanajikusanya kwenye mwanga, unavuta wavu. Asubuhi unaanika, unauza, unanunua taa nyingine. Nilijiona nimemaliza. Nikashuka mwaloni Kirumba na simu mbili, nikampa mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu. Akacheza kama dakika tano bila kuongea, nikajua nimemkamata. Halafu akaniuliza, "Kijana, huu si mwezi umejaa hapa juu?" Nikamwambia ndio mzee, nimeuchora mwenyewe. Akasema, "Sasa na mwezi huu unavua dagaa gani?"

Kumbe mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawaji. Jamaa wanapumzika zile siku, wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi, wanasubiri giza. Mi mtoto wa Mwanza, nimekula dagaa tangu sina meno, nilikuwa sijui! Nimechora mwezi kwa sababu ni mzuri.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Lakini sikilizeni kilichotokea. Gemu langu lilikuwa na tatizo ambalo nilikuwa sijui jina lake, watu wanacheza usiku wa kwanza wanafurahi, wa pili, wa tatu, wa nne wanaweka simu chini. Kila usiku sawa na mwenzake. Nilipoweka mwezi wa kweli, ukikua mavuno yanapungua, ukijaa huvui kabisa, unatumia zile siku kushona wavu na kuuza ulichoanika, ghafla mchezaji akawa na kitu cha kupanga. Anajua siku sita zijazo hakuna kuvua, je auze dagaa leo bei ndogo au awatunze mpaka wapungue sokoni? Hapo ndo likawa gemu. Hilo wazo sikulitoa kwenye video yoyote ya kufundisha, limetoka kwa mzee mwenye sindano ya nyavu.

Ndo maana nikiona vijana wa hapa mnatengeneza gemu la wanajeshi wa theluji huwa nasikitika. Theluji umeiona wapi? Unashindana na watu wenye bajeti na theluji yao. Kiro'o Games wa Yaoundé kule Kameruni walitoa Aurion 2016, wamelijenga juu ya hadithi za Kiafrika, na ndo kitu cha kwanza watu wanachokitaja wakiliongelea lile gemu. Sisi tuna ziwa, tuna mawe yamebebana kama mtu kayapanga, tuna bao la kete, hata foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi kabla daraja halijafunguliwa 2025 ilikuwa gemu tosha, kupanga magari tu pale.

Jambo la pili, kupima kwa watu. Mi napimia kwenye kibanda cha PS, madogo wamejaa wanasubiri zamu, unampa simu unakaa kimya. Kukaa kimya ndo kazi ngumu. Niliandika maelezo mazuri mwanzo wa gemu, sentensi sita za Kiswahili fasaha, hakuna dogo hata mmoja aliyesoma, wote wanabonyeza kufukuza yale maandishi kama inzi. Halafu wanakwama. Nikataka kusema "bonyeza taa hapo kulia", nikajing'ata, maana mtu akishusha gemu Bukoba mi sitakuwepo kumwelekeza. Nikatoa maandishi yote nikaweka kidole kinachopapasa juu ya taa. Imeisha.

FundiSimuMwenzio

Mkuu kwenye gemu langu simu za GB 1 linajifunga lenyewe, za GB 4 halina shida. APK (faili la kusakinishia gemu) ni MB 30 tu. Tatizo nini?

FundiMakoroboi

Picha zako hizo mkuu. Usiangalie uzito wa faili, angalia ukubwa wa picha ikishafunguka. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa KB 300 kwenye memori kadi, ila ikifunguka bila kubanwa kila pikseli inakula baiti 4, piga hesabu inafika MB 16. Ukiwa nazo arobaini zimefunguka pamoja ni MB 640, simu ya GB 1 itapumulia wapi na WhatsApp ipo ndani? Punguza, mtumbwi unaoonekana ukubwa wa kidole hauhitaji picha ya ukubwa wa kalenda. Na fungua za sehemu anayocheza tu. Niambie ukishajaribu.

FundiSimuMwenzio

Dah. Mawingu peke yake nilikuwa nayo tisa ya ukubwa huo 😂

MzeeWaIgoma

Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko kidato cha nne, anashinda kwenye hicho kibanda, naye anasema anataka "fani ya gemu". Hela ya ada nimetoa kwa kuuza ng'ombe. Niambie ukweli, hiyo ni kazi au ni uhuni?

FundiMakoroboi

Shikamoo mzee wangu. Kucheza sio kutengeneza, nianzie hapo, kula samaki sio kuvua. Mwambie kama ni kweli akuoneshe alichotengeneza, hata kama ni mpira unadunda, na simu inatosha kuanzia, Godot wana toleo linalofanya kazi ndani ya simu ya Android, kwa hiyo asikuambie anasubiri laptopu.

Na hesabu asiziache. Vekta anazosoma kidato cha nne ndo zinazomfanya adui amfuate mchezaji, unachukua alipo mchezaji unatoa alipo adui, unapata uelekeo. Mi nilizikimbia shule nikaja kuzikuta huku nina miaka ishirini na tisa, nikazisoma kwa aibu kwenye daftari la mdogo wangu. Kama anajua kingereza kidogo kuna somo la bure la Harvard la kutengeneza gemu, lipo kwenye familia ya CS50, masomo yao ya kompyuta ya mtandaoni, haulipi kitu.

MzeeWaIgoma

Marahaba. Nitamuuliza leo leo.

Kaskazi_Mkavu

Mnadanganyana tu humu. Hiyo tasnia inafukuza watu. Microsoft peke yake Januari 2024 walitoa watu 1,900 upande wa gemu. Kama Wazungu wenye uzoefu wa miaka 15 wanapigwa chini, fundi simu wa Makoroboi ataajiriwa na nani?

FundiMakoroboi

Mkuu uko sahihi na sikubishii, nilitaka mtu aiseme. Anayeingia huku akisubiri barua ya ajira kutoka studio kubwa atazeeka. Mi sijaajiriwa na mtu. Hela ya gemu lenyewe la dagaa mpaka leo haifiki bei ya gunia la dagaa wenyewe, naweka wazi.

Ila gemu ndo limekuwa barua yangu. Mtu mmoja Nairobi aliliona akanipa kazi ya kutengeneza vitufe na menyu za gemu lake la maswali, baadaye kuna watu wa elimu ya afya wakataka kigemu cha watoto kunawa mikono, baadaye tangazo la biashara lenye kigemu ndani. Kazi ndogondogo, unalipwa unakwenda. Mtu mwenye demo kumi ambazo hazijaisha na mtu mwenye gemu moja dogo limeisha, lina menyu, lina sauti, linahifadhi ulipofikia, anayeitwa ni wa pili. Lile robo la mwisho la kazi, menyu na kuhifadhi na simu ikipigwa katikati ya gemu inakuwaje, ndo watu wanalikimbia na ndo wateja wanalilipia.

Na nimeliwa pia nisiwafiche. Kuna mteja, simtaji, alinitumia "badiliko dogo tu" kwa miezi mitatu, mwisho akaacha kujibu na kazi anayo. Sasa hivi bila nusu kwanza siwashi laptopu, na makubaliano yanasema marekebisho ni mara mbili, ya tatu tunaongea upya.

BintiNyegezi

Kaka umenisahau

FundiMakoroboi

Samahani dada. Gemu halitengenezwi na kodi peke yake, kuna anayechora, anayefanya vitu vitembee, wa sauti, wa kupanga sheria za mchezo, wa kupima makosa. Mi nachora kama kuku, mtumbwi wangu wa kwanza watu waliuita kiatu. Kama unachora shika Krita kwa picha za kawaida na Blender kwa vitu vya pande zote, zote bure. Usifanye picha nzuri moja moja za ukutani, fanya seti, mtumbwi huohuo ukiwa mpya, ukiwa umechakaa, ukiwa umejaa, ukiwa unazama, maana mwenye gemu ananunua vitu vinavyofanana mkono. Viweke itch.io, tovuti ya watengeneza gemu wadogo, kupandisha ni bure, hata vitu vya kutumia kwenye gemu watu wanauza pale. Halafu tafuta mwandishi wa kodi mwenye picha mbaya. Wapo wengi, mi mmojawapo, njoo inboksi.

Ngosha26

Uzi umegeuka ukumbi wa posa 😂😂 Mkuu na kuweka Play Store je, gharama?

FundiMakoroboi

😂 Kazi tu hiyo we.

Google ni dola 25 mara moja maishani. Apple ni dola 99 kila mwaka, mi bado sijaenda huko, majirani zangu wote wana Android. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, wanakurudishia gemu likishaingiza dola 1,000, na wao wanachukua asilimia 30. Na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani (hii sasa ni kodi yenyewe), mauzo ya Marekani yanakatwa tena asilimia 30 kwenye mgao wako. Google wanakata 15 mpaka ufike dola milioni 1 kwa mwaka, tukifika huko tutaitana.

Ila kinachowakwamisha watu sio hela. Akaunti binafsi ya Google ya kutolea gemu iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima kwanza upate watu wa kujaribu gemu, wakae kwenye orodha siku 14 mfululizo, ndo uruhusiwe kuomba kulitoa kwa umma. Mwanzo walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Mi niliwapata kijiwe cha bodaboda pale Buzuruga, soda kila mtu. Chukua hata kumi na tano usichukue kumi na mbili kamili, maana siku ya tisa jamaa mmoja simu ilijaa video za harusi akaona atoe gemu langu na akajitoa na kwenye orodha, mwingine kauza simu kabisa.

FundiSimuMwenzio

Nimerudi, nimeshusha picha za mawingu hadi pikseli 512. Simu ya GB 1 inacheza haijifungi. Wallahi nilikuwa nataka kuacha.

FundiMakoroboi

Safi sana mkuu. Sasa lipeleke kibandani kaa kimya.

Kaskazi_Mkavu

Haya, nimelishusha hilo gemu lako nikutafutie makosa. Nimekaa nalo hadi saa saba usiku, nimeishia mwezi umejaa sina hata dagaa wa mboga. Nina swali, mbona upepo hauna kazi? Mi baba yangu alivua Ukerewe, ziwa likichafuka hata giza liwe totoro hakuna anayetoka, na ukiwa ushatoka unakata wavu ukimbie.

FundiMakoroboi

Kukata wavu ukimbie. Yani unapoteza wavu unabaki na mtumbwi, au unang'ang'ania wavu upoteze vyote?

Kaskazi_Mkavu

Ndio maana yake. Mzee alikata mara mbili.

FundiMakoroboi

Mkuu baba yupo hai? Kama yupo naomba namba yake inboksi, na wiki hii mtakaonitafuta Makoroboi mezani sipo, kibao kimeandikwa nimeenda Ukerewe.

Kaskazi_Mkavu

Yupo. Ila nenda na tumbaku yake, bila hivyo haongei.